Ofisa Hatawaona: Namna ya Kuithibitisha Ndoa ya Kweli kwa Viza ya Uingereza

Waombaji wengi wa viza ya mume au mke kwenda Uingereza hawamwoni kabisa mtu anayewaamulia. Utakwenda kwenye kituo cha kupokelea maombi Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, utapigwa picha na kutoa alama za vidole, kisha utarudi nyumbani kusubiri. Faili lako litasomwa kwenye kompyuta na ofisa wa Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, mara nyingi katika mji wa Sheffield. Akitaka anaweza kukuita uhojiwe, lakini wengi hawaitwi. Hajui kwenu ni wapi. Hamjui mjomba aliyekwenda kuposa, wala jirani aliyekesha uani akikoroga pilau. Anachokijua ni kile kilichomo ndani ya faili, basi.

Hapo ndipo ndoa nyingi za kweli hukwama. Kwetu ndoa inajulikana kwa watu. Ukiulizwa kama fulani ni mkeo, utaonyesha wakwe, washenga, mtaa mzima. Kwa hiyo familia zikiambiwa zithibitishe, hukimbilia harusi: albamu nene, video ya saa tatu, kadi za mwaliko zilizotiwa dhahabu. Vyote hivyo vina nafasi yake, lakini vinathibitisha siku moja tu. Ofisa anataka kujua habari za siku nyingine zote: mwezi wa Machi mlipokuwa mbali, mama mkwe alipolazwa, ada ya shule ilipochelewa. Baada ya miaka ya kutafsiri vielelezo vya familia za Waswahili, nasema hivi kwa uhakika: mafaili yanayosimama imara ni yale yaliyojaa maisha ya kawaida, hata kama harusi yenyewe ilikuwa ya watu kumi.

Tuanze na sheria inavyosema, maana wengi huogopa kisichokuwepo. Kiambatisho FM cha Kanuni za Uhamiaji, ambacho kimetumika tangu Julai 2012, kinataka uhusiano uwe wa kweli na uwe bado unaendelea, na kwamba nyote wawili mna nia ya kuishi pamoja Uingereza kwa kudumu. Hutakiwi kuondoa kila chembe ya shaka. Unatakiwa kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ndoa ni ya kweli kuliko kuwa si ya kweli. Tena, hadi mwaka 1997 mwombaji alilazimika kuthibitisha kwamba lengo kuu la ndoa yake halikuwa kupata makazi Uingereza, na watu wengi walitenganishwa kwa sababu ya kanuni hiyo. Ilifutwa mwaka huo. Leo hakuna ubaya wowote kusema wazi kwamba unatamani kuishi na mumeo Leicester na kufanya kazi huko. Kosa ni kufunga ndoa isiyo ndoa, ile wanayoiita watu ndoa ya makaratasi.

Kabla ya mapenzi, hata hivyo, huja uhalali, na hapa sitapita haraka kwa sababu ni sehemu inayowaumiza hasa watu wa pwani.

Ndoa iliyofungwa Afrika Mashariki hutambuliwa Uingereza ikiwa ni halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Kwa Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za kiserikali na za kimila. Aliyelipa mahari yote, akafanya ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, mbele ya koo mbili na kuanza maisha, ana ndoa machoni pa wazee, lakini kwenye faili anahitaji cheti cha Msajili wa Ndoa. Tanzania Bara vyeti viko chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Zanzibar ina mfumo wake, wa kadhi na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Karatasi ya msikiti au ya kanisa peke yake ni mwanzo tu. Kaisajilini, kisha kagueni majina. Khadija kwenye pasipoti na Hadija kwenye cheti cha ndoa ni mtu mmoja kwetu, lakini mgeni anaweza kuona watu wawili. Tofauti kama hiyo ifuatane na hati ya kiapo iliyotiwa saini mbele ya wakili, yenye kueleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja.

Nikahi iliyofungwa msikitini ndani ya Uingereza bila usajili wa kiserikali ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilithibitisha kwamba sherehe ya namna hiyo haiundi ndoa kwa sheria ya nchi hiyo. Waliooana hivyo London, kisha bibi akarudi Tanga, wasijaze fomu kana kwamba wana ndoa ya kisheria. Wafunge ndoa inayotambulika kwanza.

Na nikahi ya kwa wakala, ambapo bwana harusi yuko Coventry na ndugu yake anampokelea ijabu Unguja? Sheria ya Uingereza inaweza kuikubali ikiwa ni halali pale ilipofungwa. Lakini kanuni inataka pia mwombaji na mwenzake wawe wamekutana ana kwa ana, na simu ya video haihesabiwi. Walioozwa na wazazi hawajawahi kuonana wakutane kwanza, watumie muda pamoja, waweke kumbukumbu za safari hiyo, ndipo waombe.

Sasa talaka. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, ofisa atataka kuona ndoa ile ilikwishaje. Mjane alete cheti cha kifo. Aliyeachana alete hati ya talaka iliyokamilika. Mwanamume anayeishi Uingereza akamtamkia mkewe talaka akiwa chumbani kwake Barking, kwa simu au kwa ujumbe wa WhatsApp, kidini huenda mambo yamekwisha, lakini kwa sheria ya Uingereza bado ni mume wa mtu. Kwa mujibu wa Sheria ya Familia ya 1986, talaka inayopatikana ndani ya nchi hiyo haina nguvu mpaka itolewe na mahakama. Kupeleka karatasi kwa kadhi Mombasa baada ya kutamka talaka London hakuiponyi, kwa sababu talaka iliyoanzia nchi moja na kumalizikia nyingine haitambuliwi. Matokeo yake ni machungu: ndoa mpya, yenye watoto na mapenzi ya kweli, huhesabika batili. Kwa Tanzania Bara nako, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka talaka ipitie baraza la usuluhishi na kukamilishwa mahakamani. Kama una deni hili, lilipe kabla ya kufunga ndoa nyingine, hata kama ni kuchelewa mwaka mzima.

Suala la mke wa pili nalo nilitaje bila kuzunguka. Mtu ambaye makao yake ya kisheria ni Uingereza hawezi kuoa mke wa pili huku wa kwanza yungali mkewe, hata akimwolea Lamu. Sheria ya nchi ile inaiona ndoa hiyo haipo. Dada unayeposwa na mtu kutoka ughaibuni una haki ya kuuliza, na kuonyeshwa karatasi, kabla hujatoa idhini. Walii wako naye aulize.

Uhalali ukishakuwa sawa, tunafika kwenye uhusiano wenyewe.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwa wanandoa wanaoishi mbali ni mawasiliano, na ndio unaoharibiwa zaidi. Mtu hupiga picha za skrini mia sita za "umeamkaje mpenzi" akaziwasilisha bila mpangilio. Ofisa hatazisoma. Chagueni mazungumzo machache kwa kila mwezi, tangu mlipojuana hadi wiki ya kuomba, tarehe zikionekana. Msipeleke ya chumbani, stara yenu ibaki kwenu. Pelekeni pale mnapoongea mambo ya nyumba: nani atampeleka mtoto kliniki, fundi ameharibu paa, shemeji anaoa na mchango unatakiwa, wewe mbona hukunipigia jana. Hata ugomvi mdogo uacheni humo. Watu wanaoigiza ndoa huandikiana mashairi, waliooana kweli huulizana kama umeme wa luku umeisha.

Mambo matatu ya kiufundi hapo, yanayosahaulika sana. Kwanza, ukimwandika mkeo kwenye simu kwa jina la "Roho Yangu", picha ya skrini haionyeshi anazungumza nani. Namba yake ionekane, na namba hiyo hiyo ndiyo ijazwe kwenye fomu. Pili, sisi ni watu wa kutumiana ujumbe wa sauti, na sauti haisomeki kwenye karatasi. Rekodi ya simu zilizopigwa, za kawaida na za video, itasaidia, ila tangu sasa jizoezeni kuandika pia. Tatu, kila kilichoandikwa kwa Kiswahili lazima kifuatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa: mtafsiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano yake. Asiwe mume wala mke. Hii nayo ni sababu ya kuchagua machache yaliyo bora, kwa sababu kutafsiri kurasa mia sita ni gharama isiyo na faida.

Kama zamani hamkuwa na simu za kisasa, au mazungumzo yamefutika, msikate tamaa. Mwaka 2012, katika kesi ya Goudey iliyomhusu mwombaji kutoka Sudan, Baraza la Juu la rufaa za uhamiaji lilisema kwamba kanuni hazidai ushahidi wa aina maalumu wa kuonyesha wanandoa wanavyothaminiana, na kwamba hata kadi za simu zinaweza kuunga mkono maelezo yao kuwa huwasiliana, ingawa kadi haionyeshi namba iliyopigwa. Elezeni kilichotokea, leteni kilichobaki.

Fedha zina mkondo wake kwetu, na mkondo huo unahitaji kuelezwa. Mume hutuma pesa kwa mama yake, mama akatoa fungu la mkwe. Au hutuma kwa namba ya kaka kwa sababu laini ya mke haijasajiliwa kwa jina lake. Au humpa rafiki anayesafiri, au hupitisha hawala. Yote ni ya kawaida, na yote humwacha mke akionekana kama mtu asiyepata kitu kwa mumewe. Anzeni leo kutuma moja kwa moja kwa jina lake, kupitia benki au kampuni ya kutuma fedha inayotoa taarifa, kisha mke naye achukue taarifa ya M-Pesa, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) au Airtel Money inayoonyesha fedha zikiingia. Taarifa mbili zinapokutana kwa tarehe na kiasi, hapo kuna ushahidi ambao hautegemei neno la mtu. Kwa miezi iliyopita mlipotuma kupitia kwa mama, mama aandike barua aeleze. Na mke anayejitegemea, ambaye hahitaji kutumiwa, aseme hivyo. Mwalimu wa sekondari Moshi mwenye mshahara wake hatakiwi kujifanya maskini ili aonekane ameolewa. Nunueni kiwanja pamoja, lipieni bima ya mtoto, changieni ukarabati wa nyumba ya wazazi, na risiti zitunzwe.

Safari ni ushahidi ambao hauna ubishi: mihuri ya pasipoti, tiketi, kipande cha kupandia ndege. Kuna karatasi moja ambayo watu hawaifikirii, nayo ni barua ya mwajiri ya kuruhusu likizo. Kama mume alipewa likizo kuanzia tarehe 3 hadi 24 Agosti na pasipoti yake ina muhuri wa kuingia Mombasa tarehe 4, wala hakuna haja ya maelezo marefu. Wiki tatu za likizo yote ya mwaka kuzitumia kwa mkwe Kisauni zinasema mengi juu ya mtu.

Kuhusu harusi yenyewe, sisi tuna hazina ambayo wengine hawana. Harusi ya Dar es Salaam ina kamati, kamati ina mwenyekiti na mweka hazina, mweka hazina ana orodha ya michango. Kuna kundi la WhatsApp lililokusanya watu kwa miezi, kadi za michango, risiti ya ukumbi, ya mpishi, ya mshereheshaji. Kuna kitchen party, kuna send-off. Orodha ile ya michango, yenye majina ya shangazi na wafanyakazi wenzako na kiasi cha kila mmoja, inaonyesha kwamba ukoo mzima ulijua na kujitolea. Ukurasa mmoja au miwili yake, uliotafsiriwa, unatosha.

Picha zisizidi ishirini hivi, kila moja na maelezo chini: lini, wapi, nani ni nani. Zitoke nyakati mbalimbali, zisiwe zote za nguo za harusi. Na hapa lazima mseme lile ambalo mgeni hawezi kulijua. Nikahi inafungwa msikitini, mbele ya kadhi, walii na mashahidi, bibi harusi yuko nyumbani kwao. Ofisa anaona picha ya ndoa isiyokuwa na mke. Sherehe za wanawake kwa upande wao hazipigwi picha ovyo, na zikipigwa hazitolewi nje. Wanandoa wa Kiswahili mbele ya wazee hawakumbatiani, husimama kama ndugu. Andikeni sentensi mbili tatu kueleza desturi hiyo, kwa heshima na bila kuomba radhi. Vivyo hivyo kwa harusi ya kimyakimya. Miongoni mwa mambo yanayowatia maofisa shaka ni sherehe yenye wageni wachache mno, na kwetu mwanamke anayeolewa mara ya pili mara nyingi haoni haja ya ngoma. Msiba nao huweza kufuta sherehe. Semeni.

Mambo mengine yanayotia shaka ni tofauti kubwa ya umri, kujuana kwa muda mfupi, wawili kutokuwa na lugha ya pamoja, kutojua mambo ya msingi ya mwenzako, na mdhamini, yaani mwenzi aliye Uingereza, aliyewahi kumdhamini mtu mwingine. Hakuna hata moja linaloua ombi peke yake. Kinachoua ni kulinyamazia kama vile ofisa hataliona. Mume ana miaka 61 na mke 34? Andikeni mlijuana vipi, familia ilisemaje, nini kiliwaleta pamoja. Mahari nayo isiwape hofu. Mwongozo wa maofisa unatenganisha mahari ya kimila na fedha za kununua ndoa ya kughushi, lakini anayeona milioni tatu zikienda kwa baba mkwe mwezi mmoja kabla ya ndoa anahitaji kuambiwa kwamba hizo ni mahari, zilipangwaje, na nani walishuhudia.

Watoto wa nyuma wasifichwe. Nimeona watu wakiwaacha nje ya fomu kwa aibu au kwa kushauriwa vibaya, kisha wakataka kuwachukua baadaye. Tena kumbukeni fomu za zamani. Kama mwaka 2019 uliomba viza ya matembezi ukajiandika huna mchumba wala mume, na sasa unasema mlikuwa pamoja tangu 2017, faili lile la zamani bado lipo kwenye mfumo wao. Lielezeni kabla hawajaliuliza.

Kinachounganisha haya yote ni barua mbili, ya mwombaji na ya mdhamini, na ningependa mziandike wenyewe. Kila mmoja kivyake, kwa maneno yake. Barua mbili zenye aya zilezile zinadhuru kuliko kutokuwa na barua. Fuateni mpangilio wa wakati: mlikutana wapi, nani alianza, lini familia ziliambiwa, posa, ndoa, mmeonana mara ngapi tangu hapo, mnaongea saa ngapi mkizingatia zamu zake za usiku. Kisha mje kwenye mipango: mtaishi nyumba gani, ina vyumba vingapi, mke atafanya kazi gani, mtoto atasoma wapi. Wengi huandika juu ya yaliyopita wakasahau yajayo, ilhali kanuni inauliza nia ya kuishi pamoja. Mkisahau tarehe, semeni "mwishoni mwa mwaka ule". Msiokote tarehe hewani ikaja kugongana na muhuri wa pasipoti.

Barua za ndugu na marafiki zinasaidia zikiwa na mambo ya kushuhudiwa. "Nawafahamu, wanapendana sana" haina uzito. "Mimi ni dada wa mume, nilikwenda naye Korogwe kuposa, na mke huyu ndiye aliyemuuguza mama yetu wiki mbili hospitalini Bombo" ina uzito mkubwa. Aambatishe nakala ya kitambulisho.

Wapo watakaokuambia achana na shida yote hii. Eastleigh, Kariakoo na hata ndani ya London kuna watu wanaouza taarifa za benki, mikataba ya upangaji na picha za kupanga. Naomba mnisikie: ndoa ya kweli iliyowekewa karatasi moja ya uongo inahukumiwa kwa karatasi hiyo. Ombi hukataliwa kwa udanganyifu, na doa hilo litakufuata kila utakapoomba viza yoyote baadaye. Ndani ya Uingereza ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuwa wakili au kusajiliwa na mamlaka husika, ambayo tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority. Muulize mshauri wako amesajiliwa wapi, kisha lihakiki jina lake kwenye orodha yao kabla ya kumlipa.

Masharti mengine nayapitia kwa ufupi maana si mada yetu, ila ndoa ya kweli haiyaondoi. Nyote wawili muwe na miaka 18 au zaidi. Mdhamini awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Aprili 2024 kutoka 18,600, au akiba inayokubalika; wanaopokea baadhi ya posho za ulemavu au za kumhudumia mgonjwa wana kipimo kingine. Mwombaji aonyeshe Kiingereza cha ngazi ya A1, au shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza iliyothibitishwa na Ecctis. Waombaji kutoka Kenya, Tanzania na Uganda hupima kifua kikuu katika kliniki zilizoidhinishwa. Ada ya ombi na mchango wa huduma ya afya kwa pamoja hupita pauni 5,000. Ombi likikataliwa mchango wa afya hurudishwa, ada haitarudi. Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo someni tovuti ya serikali ya Uingereza wiki ile ile mnayolipa.

Likikataliwa, msikimbilie kuomba upya kwa hasira. Someni barua ya kukataliwa sababu kwa sababu. Kama wanasema kielelezo fulani hakikuwepo na mnacho, ombi jipya linaweza kuwa la haraka zaidi. Kama wanasema hawaamini ndoa yenu, rufaa kwenye baraza la rufaa huwa njia bora, kwa kuwa hapo mdhamini husimama mbele ya jaji akaulizwa na kujibu, na ushahidi mpya, hata wa baada ya uamuzi, hupokelewa. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28 tangu apokee uamuzi. Rufaa huchukua miezi. Katika miezi hiyo endeleeni kutembeleana na kuwasiliana, na kila kitu kitunzwe.

Na viza ikitoka, kazi haijaisha. Ya kwanza ni ya miezi 33, kisha hurefushwa kwa miezi 30, na makazi ya kudumu huombwa baada ya miaka mitano. Kila hatua mtaulizwa tena kama mngali pamoja. Katika nyumba zetu nyingi kila kitu huandikwa kwa jina la mwanamume, na mke akakaa miaka miwili bila kupata barua moja ya posta. Tangu wiki ya kwanza, jina lake liingie kwenye mkataba wa nyumba, kodi ya manispaa, bili ya maji au umeme. Afungue akaunti ya benki, ajiandikishe kwa daktari. Barua zozote zinazokuja kwa anwani hiyo, za pamoja au za kila mmoja, ziwekwe kwenye bahasha kwa mpangilio wa miezi, kutoka sehemu tatu tofauti au zaidi.

Neno la mwisho ni kwa yule aliyefika kwa ndoa ya kweli kisha akakuta mkono wa kumpiga, au pasipoti iliyofungiwa kabatini, au tishio la kila siku kwamba "nikisema neno moja unarudishwa". Tishio hilo si kweli. Aliye na viza ya mwenzi, ambaye ndoa yake imevunjika kwa sababu ya ukatili wa nyumbani, anaweza kuomba makazi ya kudumu bila kusubiri miaka mitano, na asiye na fedha anaweza kupewa kwanza kibali cha miezi mitatu kinachomruhusu kupata msaada wa serikali na mahali pa kulala. Ndoa kuvunjika hivyo hakuifanyi kuwa ilikuwa ya uongo, na vielelezo vile vile ulivyovikusanya kuja vitatumika kuonyesha kwamba ilikuwa ya kweli, kwa hiyo weka nakala mahali ambapo yeye hafiki, hata kwenye barua pepe ya dada yako. Kwa hatari ya papo hapo piga 999. Kwa ushauri, simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani ni 0808 2000 247, haina malipo, inapokewa usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.